Kitabu Kimoja cha Ndege: Mjadala wa Shinyanga na Geita

Klabu ya mazingira ya shule moja ya sekondari, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, imechanga fedha za kununua kitabu cha kutambulia ndege. Fedha zinatosha kitabu kimoja tu. Kitabebwa kwenye ngitili ya kijiji jirani, kwenye majaruba ya mpunga na kandokando ya lambo, na kitapita mikononi mwa vijana wengi. Wanunue kipi?

Swali hili lina wenyewe wengi, nami nimewapa nafasi wanne. Wa kwanza ni Mwalimu wa baiolojia anayeilea klabu. Wa pili ni Bibi Shamba, afisa ugani wa kata. Wa tatu ni Kijana wa Katoro, Geita, ambaye siku za kazi yuko kwenye karasha na Jumapili yuko porini na darubini. Wa nne ni Mzee anayelinda ngitili. Ni sauti za kutungwa, lakini hoja zao utazisikia Usukumani kila panapozungumzwa habari za ndege. Mimi nitaingilia pale ninapoona lazima.

Swali hili lina uzito wa pekee Shinyanga. Miaka ya 1920 na 1930 vichaka vya hapa vilifyekwa ili mbung'o akose kivuli, na makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa hapahapa Shinyanga. Mkuu wa utafiti huo, C. F. M. Swynnerton, alikuwa pia mjuzi wa ndege. Hadi leo kuna ndege mdogo wa msituni anayeitwa kwa jina lake. Baadaye mashamba ya pamba na wingi wa mifugo vikamalizia sehemu kubwa ya miti iliyobaki. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na wananchi wakafufua desturi yao ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho msimu wa mvua ili nyasi na miti vipone. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilizofufuliwa zilikadiriwa kuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla Simiyu na Geita hazijawa mikoa. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN, uliotolewa mwaka 2005, ulitaja aina 145 za ndege katika ngitili hizo. Kijana wa Shinyanga anayeinua darubini leo anawatazama ndege waliorudi. Ana haki ya kuwajua mmojammoja.

Mwalimu ndiye aliyeanza.

MWALIMU: Pendekezo langu ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, toleo la pili la mwaka 2020. Kinahusu nchi tano: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kina zaidi ya aina 1,400 za ndege, lakini idadi siyo iliyonivutia. Kilichonivutia ni mpangilio. Ukifungua, picha ziko upande mmoja, maelezo na ramani viko upande wa pili, vinatazamana. Mwanafunzi anamwona ndege kwa sekunde chache, kisha ndege anaruka. Hana muda wa kusoma picha ukurasa wa 90 na kutafuta maelezo ukurasa wa 400. Na picha zake zimechorwa kwa mkono, hazikupigwa kwa kamera.

KIJANA: Shikamoo, Mwalimu. Mimi nina neno hapo. Kitabu hicho bei yake ni ya kununua mbuzi mzuri mnadani, na ukikiangusha lamboni umekwisha. Mimi nina simu. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ni ya bure. Nikishapakua pakiti ya ndege wa eneo kwa bando la usiku, nikiingia porini sihitaji mtandao. Naiambia nimemwona wapi, tarehe gani, ukubwa gani, rangi gani, inaniletea orodha ya wanaofanana naye. Nikiwa na picha, naipa picha. Klabu inunue simu moja yenye kamera nzuri, hela itakayobaki inunue darubini.

MWALIMU: Marahaba. Simu hiyo itakaa na chaji siku nzima ngitilini? Na itashikwa na nani, wakati shule yenyewe hairuhusu wanafunzi kuwa na simu? Lakini hilo ni la utaratibu, linaweza kupata dawa. Kubwa ni hili: programu inampa mtoto jibu. Kitabu kinampa ndege kumi wanaofanana kwenye ukurasa mmoja na kumlazimisha aulize, huyu ana mstari juu ya jicho au hana? Mkia wake una ncha nyeupe? Mguu wa rangi gani? Akishauliza hivyo mara ishirini, macho yake yamefunzwa.

KIJANA: Lakini mwanafunzi akikosea kwenye kitabu, nani atamsahihisha? Simu inazo sauti. Mwalimu, kitabu kimeandika mlio kwa herufi! Nani amewahi kumjua ndege kwa herufi?

Hapo Kijana ana haki kamili, na sitaki apite bila kuungwa mkono. Mlio ulioandikwa kwa herufi humsaidia mtu aliyekwisha kuusikia; kwa mwanafunzi wa mwanzo ni kelele za kwenye karatasi. Simu hapo inashinda. Ila itumike kwa adabu. Kupiga mlio wa ndege kwa sauti kubwa karibu na kiota, ili dume atoke kupigana na mpinzani asiyekuwepo, ni kumsumbua kiumbe aliye kwenye uzazi. Klabu ya kuhifadhi mazingira haifanyi hivyo.

Kuhusu macho yaliyofunzwa nasimama na Mwalimu. Mmarekani Roger Tory Peterson alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1934, aliwachora ndege kwa namna rahisi na kuweka vialama vilivyoonyesha pale pa kutazama: doa la bawa, mstari wa jicho, umbo la mkia. Kabla ya hapo wataalamu wengi walimtambua ndege akiwa ameshapigwa risasi na kulazwa mezani. Tangu hapo kitabu kizuri cha ndege ni kile kinachokuambia utazame wapi. Ndiyo sababu michoro bado inazishinda picha za kamera kwa kazi hii. Kamera inamnasa ndege mmoja, kwenye mwanga wa saa moja, akiwa amegeuka alivyogeuka. Mchoraji amewapanga wote kwa mkao mmoja, dume, jike na kinda, na tofauti zao zinajitokeza zenyewe.

Bibi Shamba alikuwa kimya muda wote huo.

BIBI SHAMBA: Nasikia kitabu, nasikia simu, lakini hakuna aliyesema tunataka kumtambua nani. Mimi nitawaambia wa kwangu. Msimu wa kwelea kwelea simu yangu haipoi. Mkulima anapiga, "Bibi Shamba, ndege wamemaliza uwele, tuletee ile ndege ya kupulizia." Nikifika shambani mara nyingine nakuta si kwelea kabisa. Ni mnana, ni kwera, ni shomoro. Ndege wadogo wote kwa mkulima ni kwelea.

MZEE: Kwa sababu wote wanakula, mayu.

BIBI SHAMBA: Hawali sawa, baba. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo mno. Lakini kundi likifika ndege milioni moja, hiyo ni tani 10, kesho tani 10 nyingine. Mnana hawaji hivyo. Kwelea mnaita wataalamu wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu; mnana mnawaamia kwa kombeo na debe. Na dawa yenyewe, fenthion, haichagui. Inapulizwa jioni kwenye malalo yao, na kila aliyelala pale ameipata. Bundi, mwewe na korongo wakija kula mizoga wanaipata pia. Watoto wakiokota wale ndege kwa ajili ya mboga, tumepeleka sumu nyumbani. Kwa hiyo kabla sijapeleka taarifa wilayani nataka uhakika, na uhakika huo nautaka kwa vijana wa klabu hii, maana wao ndio wanaoamia mashamba ya wazazi wao.

MWALIMU: Kwelea si ana mdomo mwekundu? Hilo watoto wanalijua.

BIBI SHAMBA: Dume, ndiyo. Dume akiwa kwenye uzazi ana mdomo mwekundu, uso mara nyingi mweusi, kichwani na kifuani anapakwa waridi au manjano, hata kipofu atamjua. Msimu ukiisha anavua yote. Anabaki wa kahawia mwenye michirizi mgongoni, sawa na jike, na mdomo tu ndio unabaki mwekundu. Sasa sikiliza hapa panapowapoteza watu: jike anapokuwa kwenye kutaga, mdomo wake unageuka manjano. Mwenye kutegemea mdomo mwekundu ataliangalia koloni zima la kwelea wanaotaga na kusema majike wale ni ndege wengine. Halafu kuna kwelea wawili ambao si hawa waharibifu wakubwa. Madume wao wana kichwa chekundu na midomo yao haina wekundu huo. Na kuna majike wa kwera, wenye michirizi kama wao. Nataka kitabu kinachowaweka hao wote karibu karibu, pamoja na jike mwenye mdomo wa manjano. Kisichokuwa na jike huyo, hata kiwe na tai mzuri kwenye kava, mimi sikichangii.

Katika mjadala huu wote, hii ndiyo hoja ninayoiona nzito kuliko zote. Watu wengi wakiingia dukani hufungua kwenye tai, kwenye heroe, kwenye mbuni. Hao hawahitaji kitabu. Kitabu kipimwe kwa ndege anayekusumbua wewe, mahali unapoishi. Kwa Shinyanga mtihani huo ni ukurasa wa kwelea. Kwa mtu wa Ukerewe au Chato utakuwa ukurasa wa ndege wa ufukweni. Kama kitabu kimemchora dume peke yake, kirudishe kwenye rafu.

KIJANA: Basi mimi ninacho kimoja cha bure. Kuna mgeni aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita, alipomaliza mkataba akaniachia kitabu chake cha ndege wa Kusini mwa Afrika. Kina michoro, kina ramani, kwelea yumo na jike wake yumo. Klabu ichukue hicho, hela ifanye kazi nyingine.

MWALIMU: Cha bure kina thamani yake. Ndege wengi wa huko wako huku pia.

Hapana. Hapa lazima niingilie kwa nguvu, kwa sababu kosa hili linafanyika sana katika ukanda wa migodi, ambako wageni wanakuja na kuondoka. Vitabu vya Kusini mwa Afrika ni vizuri sana kwa kwao, na mwisho wake ni mito ya Kunene na Zambezi. Wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa, waliopewa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer, hawamo. Nyumbani kwao duniani ni huku, kaskazini mwa Tanzania, kusini na mashariki ya Ziwa Victoria. Kwale mwenye kifua cha kijivu na koo la rangi ya chungwa, ambaye karibu makazi yake yote yako kaskazini-magharibi mwa nchi yetu, naye hayumo. Kijana akimwona kwale huyo na kitabu cha kusini mkononi, hatasema "hayumo." Atamlazimisha awe kwale wa Afrika Kusini anayemkaribia, ataandika jina hilo kwenye daftari la klabu, na daftari limeharibika.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono vile vitabu vinavyojumuisha Afrika yote kusini mwa Sahara, vyenye zaidi ya aina 2,000. Mwanafunzi atapekua kurasa nyingi za ndege wa Kamerun na Namibia kabla ya kumfikia wa Kishapu. Kile cha Zimmerman, Turner na Pearson, kinachohusu Kenya na kaskazini mwa Tanzania na kilichotoka kwanza mwaka 1996, ni kazi ya kina na maelezo yake ni ya kuheshimiwa. Ila mkazo wake ni Kenya, na Kahama na Geita zimeelekea magharibi. Anayefikiria kukinunua aangalie kwanza ramani ya mwanzo wa kitabu, aone mpaka wake unaishia wapi.

MZEE: Sasa na mimi niseme. Mmetaja vitabu vingi, na vyote ni vya Kiingereza. Mimi ngitili hii nimeilinda tangu wakati wa HASHI. Wale korongo weusi wenye tumbo jeupe wakija kwa makundi, najua mvua imekaribia na viwavijeshi wako njiani. Wale weupe wenye miguu myekundu, ambao mnasema wanatoka Ulaya, nawajua. Wakiondoka najua pia. Kitabu kitaniambia nini?

MWALIMU: Mzee wangu, kitabu hakiji kukufundisha wewe. Kinakuja ili unachokijua kiandikike. Hao weusi ni korongo wa Abdim. Wanazaa ukanda wa Saheli, huko Sudan na magharibi yake, kisha wanashuka kwetu na kuendelea kusini wakifuata mvua. Ukisema "walifika tarehe fulani," na mtoto akaandika jina ambalo msomaji wa Khartoum na wa Dodoma wanalielewa, ulinzi wako umesomeka mbali. Neil na Liz Baker wamekusanya kumbukumbu za namna hiyo kwa miaka mingi kwa ajili ya atlasi ya ndege wa Tanzania. Watalii na wataalamu wanakimbilia Serengeti. Shinyanga wanapita na basi.

MZEE: Hapo nimekuelewa. Lakini ndege 1,400 kwa mtoto ambaye ngitili zote za mkoani kwake zina 145! Si atachoka?

KIJANA: Babu amesema la maana. Mimi mwenyewe siku ya kwanza nilichoka. Lakini sisi wa Geita tuna sababu yetu ya kutaka majina. Maji ya mialo ya kuoshea dhahabu yanaingia vijitoni na zebaki yake. Furukombe, mdiria, mnandi, wote wanakula samaki. Siku nikisimama kwenye mkutano wa kijiji kusema ndege fulani amepungua bwawani, lazima niseme ni nani. Nikisema "ndege wa samaki" nani atanisikiliza?

MWALIMU: Mtumba je? Mjini kuna mtu anauza kile cha John Williams cha mwaka 1963. Bei ya chini.

BIBI SHAMBA: Picha zake si za ndege wote. Nimewahi kukishika.

Bibi Shamba amesema kweli. Kitabu cha Williams kilifundisha kizazi kizima cha wapenzi wa ndege Afrika Mashariki, na anayekikuta asikitupe. Lakini elimu ya ndege haikusimama. Mchukue hondohondo mwenye mdomo mwekundu, yule anayeokota wadudu chini kwenye ngitili. Vitabu vya zamani vilimhesabu kuwa mmoja. Mwaka 2002 wataalamu Alan Kemp na Wayne Delport walimtangaza wa katikati ya Tanzania, wa Ruaha, kuwa ana tofauti zake: ngozi ya kuzunguka jicho ni nyeusi na jicho lenyewe ni la manjano, wakati wa kaskazini ana ngozi iliyopauka na jicho la kahawia. Shinyanga iko kati ya Ruaha na Serengeti. Hondohondo wa ngitili yetu ni yupi? Hilo ni swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye darubini ya kawaida anaweza kulijibu kwa kutazama jicho, na jibu lake likawa na faida kwa atlasi. Kwa kitabu cha zamani hata hatajua kwamba pana swali.

Basi hukumu yangu ni hii. Klabu inunue Stevenson na Fanshawe, toleo la 2020, na si la 2002, hata kama la 2002 litapatikana kwa nusu ya bei. Likipata kava la nailoni na mwanafunzi mmoja wa zamu wa kulibeba, litadumu. Anayetaka cha kubeba mfukoni na mwenye macho makali anaweza kuongeza baadaye kile chembamba cha Ber van Perlo cha mwaka 1995, akijua kwamba picha zake ni ndogo na maelezo yake ni mafupi. Simu ya Kijana iingie ngitilini kama msaidizi wa sauti na wa kupiga picha za ushahidi. Jina lisiandikwe daftarini kwa kauli ya simu peke yake. Na siku ya kwanza Mwalimu akae na Mzee, wapitie ramani ukurasa kwa ukurasa na kutia alama ya penseli kwa ndege ambao Mzee amewaona. Kwa njia hiyo kitabu cha ndege 1,400 kitapungua kufikia ndege ambao mtoto anaweza kuwakuta.

Hata hivyo sikubali mjadala ufungwe bila kulijibu lalamiko la Mzee kuhusu lugha, kwa sababu penseli haitoshi. Orodha ya ndege wa ngitili imekuwepo tangu mwaka 2005. Chuo cha wanyamapori cha Pasiansi kiko Mwanza, Mweka iko Moshi, wachoraji wazuri tunao na wachapishaji wa vitabu vya shule tunao. Kijitabu cha Kiswahili cha kurasa mia moja hivi, chenye ndege hao 145, dume na jike, kwelea wote watatu wakiwa pamoja, kinaweza kuingia kila shule ya sekondari ya Shinyanga, Simiyu na Geita kwa bei ya daftari kubwa. Kama wewe msomaji uko wizarani, chuoni au kwenye kampuni ya uchapishaji, kazi hii ni yako. Anza na jike wa kwelea.